Miguu ya Chura Ukweni Kitahana

Aibu hii nimeifungia kifuani miaka mingi, hata mke wangu nimemsimulia nusu tu, lakini leo nawaambieni yote, mcheke mpaka mshibe, maana mimi mwenyewe nilishamaliza kulia.

Miaka ya sabini hiyo, mimi mwalimu kijana wa baiolojia pale Kasulu, suruali pana huku chini, nywele nimezichana juu (msinitazame hivyo, nilikuwa nazo), nikapanda lori mpaka Kitahana, kule Kibondo, kujitambulisha kwa wazazi wa Melania, binti niliyetaka kumwoa. Mshenga wangu alikuwa baba mdogo Baltazari, mtu wa maneno machache, akanionya njiani, "Wewe kaa, tabasamu, nyamaza. Wakikupa mrija, umepata mke." Maana kwao chungu cha pombe ya mtama kinawekwa katikati, wazee wanakizunguka na mirija yao mirefu, na mchumba akiitwa kunywa chungu kimoja na baba mkwe, basi, kakubaliwa.

Nikakaa. Nikatabasamu. Mzee Bihaga, baba yake Melania, alikuwa ameshaushika mrija wangu mkononi, ndipo akauliza, kwa wema tu, "Hiyo baiolojia unayofundisha, mwanangu, ni kitu gani?"

Ningejibu "elimu ya viumbe hai" leo ningekuwa na wajukuu Kitahana. Lakini mvua ilikuwa imetoka kunyesha, chura mmoja mnene akapita uani akijirukia zake, na mimi na kiherehere changu nikasema, "Mzee, ngoja nikuonyeshe!" Baba mdogo akanikanyaga mguu, nikauvuta mguu, nikaomba wembe, sahani na chumvi, na kwa kuwa mgeni hanyimwi, shangazi yao Yustina akavileta (sijui alidhani nataka kukata kucha nizile).

Nikammaliza chura nyuma ya banda, nikaichuna miguu yake, nikarudi na sahani mpaka karibu kabisa na chungu ili wazee waone vizuri, nikanyunyiza chumvi. Miguu ikatetemeka, ikajikunja, ikapiga teke, miguu isiyo na mwenyewe! Shangazi Yustina akapiga ukelele, "Yesu na Maria!", akanichapa mkono kwa mwiko, sahani ikapinduka, mguu mmoja ukaanguka matopeni na wa pili ukatumbukia chunguni.

Wazee wakatoa mirija midomoni, polepole, mmoja baada ya mwingine.

Balozi wa nyumba kumi, aliyekuwa miongoni mwao, akasimama. "Kijana, umefufua maiti?"

"Si uchawi, balozi!" Nikaanza kumwaga somo la kidato cha nne huku jasho linanitoka, kwamba mwili umejengwa kwa seli, kila seli ina utando wake kama ukuta wa nyumba, ndani kumejaa chembe ziitwazo ioni za potasiamu na nje ioni za sodiamu, zote zina chaji chanya, sasa potasiamu zinavuja kidogo kidogo kwenda nje, ndani kunabaki hasi, na tofauti hiyo ya ndani na nje ndiyo umeme wenyewe, umetulia unangoja. Chumvi ndiyo yenye sodiamu, ukiinyunyiza milango ya utando inafunguka, sodiamu zinaingia kwa fujo kama watu kwenye duka la ushirika siku sukari imefika, hali inageuka ghafla, msuli unajikunja!

"Kwa hiyo hata mimi nina umeme?"

"Unao, balozi."

"Mbona kwangu nawasha kibatari?"

Watu wakacheka, nikajua nimepona, mpaka alipoongeza, "Haya. Kama ni elimu, rudia."

Jamani! Nikauokota ule mguu wa matopeni, nikaufuta kwa shati, nikaunyunyizia chumvi. Kimya. Nikamimina chumvi yote ya nyumba ile. Kimya. (Wakati mimi nahubiri, msuli ulikuwa umemaliza nguvu zake na umeme umekwisha, lakini nani angenisikiliza?) Mzee Bihaga akatikisa kichwa. "Elimu gani hiyo, inafanya kazi mara moja tu?" Akauchomeka mrija wangu kwenye nyasi za paa, na vijana wawili wakakibeba chungu kwenda kumwaga pombe yote migombani.

Melania alitusindikiza mpaka barabarani. Baba mdogo akatangulia, akatuacha. Nikaanza tena, "Melania, ule utando..."

"Mimi siogopi chura," akasema. "Tangu asubuhi umeongea na baba, na balozi, na miguu ya chura. Mimi hujaniuliza hata kama nataka kuolewa."

Nikamuuliza, "Unataka?"

"Nilikuwa nataka."

Akageuka akarudi kwao. Aliolewa Makere, na fundi baiskeli, na nasikia ni bwana mpole sana. Niliumia, sifichi. Tangu siku hiyo somo lile nalifundisha kwa chaki peke yake, na huyu mke niliye naye nilimuuliza yeye kwanza, kabla ya mshenga, kabla ya baba yake, akasema atafikiri, akafikiri miezi minne, na miezi yote minne nikafunga mdomo.