Fungu na Matabishi

Jumamosi, tarehe 11 mwezi wa nne. Mvua ilianza kabla ya kucha, ikitoka ziwani upande wa rasi ya Ubwari, ikapiga bati mpaka saa tatu, kisha jua likatoka kali kama vile halikujua kitu. Njia ya sokoni ilikuwa matope matupu. Hata hivyo mama alijifunga kikwembe chake cha kutembelea, akachukua kikapu, akasema anakwenda sokoni. Nilitaka kucheka, nikaogopa. Tangu nipate akili, mama amekuwa akienda soko la Baraka kuuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani. Leo alikuwa anakwenda kununua.

Naandika jinsi tulivyofika hapo. Sina hakika kama nitaeleza vizuri, maana shule niliiachia mwaka wa pili wa sekondari, na jambo lenyewe ni la watu waliosoma mbali. Lakini nilikuwepo, na maneno mengi yalipitia mdomoni mwangu.

Ndugu yangu mdogo yuko ng'ambo, kwenye baridi, anapakia mizigo katika depo kubwa. Kila mwezi alikuwa anamtumia mama kitu cha chakula na vidonge vya presha. Mwaka jana mgongo ulimshika, akalala wiki nzima, akaanza kuogopa: siku mgongo ukikataa kabisa, mama atakula nini? Na mama naye, magoti yake yalikuwa yamekwisha. Kukaa chini kutwa nzima nyuma ya mafungu ya ndagala kulimshinda, ila hakutaka kukubali. Niliona tu kwamba akitaka kuinuka anashika bega la muuzaji wa pembeni. Basi ndugu yangu alikuwa na akiba yake, akaamua aiweke mahali itakapozaa kidogo kidogo, mazao yawe ya mama, na mama atoke sokoni.

Habari ilifika mwezi wa kwanza kwa sauti ya WhatsApp, akiniita yaya, kama wadogo wa kwetu wanavyowaita wakubwa wao: "Yaya, ile feza yangu natia ku bourse."

Kwetu bourse ni ile inayompeleka mtoto wa shule kusoma mbali bila kulipa. Mimi hiyo ndiyo niliyoijua. Nikamwambia mama, mama akawaambia wamama wa kanisa, na Jumapili tulipewa mikono kama watu waliopata harusi. Mama mmoja akauliza, "Atasomea udaktari?" Mama akajibu kwa heshima kwamba bado hajachagua.

Kesho yake ndugu yangu akapiga.

"Yaya, nani amesema narudi ku masomo? Batu batatu baliniandikia félicitations!"

"We mwenyewe ulisema bourse."

"Bourse ya biashara, yaya! Ni soko! Kule banauzisha vipande vya makampuni."

"Sasa kama ni soko, si ungesema soko?"

Alicheka mpaka akakohoa. Mama alichukua simu akamuuliza kama ni kweli hasomi. Alipoambiwa hasomi, alinuna kidogo. Nadhani alikuwa ameshaanza kumwona na koti jeupe.

Tulikaa uani, mimi nimeacha cherehani, simu imeegemezwa kwenye sufuria ili sote tumwone. Akaeleza pole pole. Watu wengi wanatia feza katika mfuko mmoja. Mfuko unanunua vipande vya makampuni mengi, au unakopesha serikali. Wewe unanunua kipande cha mfuko, na ukitaka kukiuza, unakiuza siku yoyote soko lile liko wazi, kwa bei ya siku hiyo. Kwa Kifaransa aliita fonds. Mama akasikia fungu.

"Fungu ya nini?"

Nilitaka kumsahihisha, lakini ndugu yangu akasema, "Acha, yaya. Njo vile. Ni fungu."

Sasa kukaja neno gumu. Yale mazao, aliyaita dividende, na mimi ndiye niliyepaswa kumfasiria mama. Nilifikiri kusema faida, lakini mama anajua faida ni ile unayoihesabu mwenyewe ukishauza na kutoa gharama. Hii inakuja yenyewe na fungu bado ni lako. Nikasema matabishi.

Kwa asiyejua: kwetu mnunuzi akishalipa fungu hainuki. Anabaki amechuchumaa, anasema, "Matabishi, mama," na muuzaji anamwongezea ndagala kwa vidole juu ya zile alizonunua. Haimo katika bei. Lakini ukimnyima, kesho anapita kwako kama hakujui.

Niliona nimepata neno zuri. Kumbe nimeharibu. Mama aliinuka, akiegemea ukuta, akasema, "Matabishi haiko na siku. Muuzaji anatoa akipenda. Mi mutu muzima nitakaa hapa kungojea matabishi ya batu benye sijue?" Akaingia ndani. Siku mbili hakutaka kusikia habari hiyo, na asubuhi alibeba beseni lake kwenda sokoni na magoti yale yale.

Siku hizo mbili nilijilaumu. Nilijiuliza kama mwingine mwenye diploma angepata neno bora. Lakini baadaye niliona mama hakukosea. Hata ndugu yangu alisema hakuna aliyeahidi kiasi. Kampuni zikipata vizuri zinagawa, zikipata vibaya zinapunguza. Neno lilikuwa baya kwa kumtuliza mtu, ila kwa ukweli halikuwa mbali.

Siku ya tatu alipiga tena, na mama akakubali kukaa. Alikuwa na mafungu matatu ya kuchagua, na alitaka mama achague naye, kwa sababu, alisema, chakula ni chake.

Fungu la kwanza lilitoa matabishi makubwa, kila mwezi. La pili lilikopesha serikali za nchi kubwa: matabishi madogo, lakini fungu halitikisiki sana. La tatu lilikuwa na makampuni maelfu ya nchi nyingi. Hilo lilitoa kila miezi mitatu, na bei yake inapanda na kushuka kama mtu mwenye homa.

Mimi mara moja nilipenda la kwanza. Mama anakula kila mwezi, na hili linatoa kila mwezi. Nani angehitaji kufikiri zaidi? Ndugu yangu naye alikuwa anaelekea huko.

Mama akauliza, "Huyo wa matabishi mingi, fungu yake inabakia vile vile?"

"Kivipi, mama?"

"Mi nimeuza, papa. Siku soko iko mbaya, unatoa ndagala chini ya fungu, unapunguza kidogo. Halafu unamurudishia mutu juu, unaita matabishi. Anaenda anakushukuru. Ni ndagala zake."

"We mama!" nikasema. "Na wewe ulifanya hivyo?"

"Kula ugali wako, we," akasema, ingawa hapakuwa na ugali. Uso wake ulikuwa karibu kucheka.

Upande wa pili ndugu yangu akasema tungoje kidogo. Kusema haki, si kwamba mama alimfundisha. Jambo hilo lilikuwa limeshamsumbua, ndiyo maana alikuwa hajanunua. Alifungua karatasi za fungu lile, akatusomea: mwezi ambao faida haitoshi, malipo yanaweza kutoka katika feza za watu wenyewe waliozitia. Na bei ya kipande ilikuwa imeshuka mwaka baada ya mwaka, huku malipo yakiendelea. Siwezi kusema hao ni wezi. Wameandika wazi, anayetaka anasoma. Na kwa mtu anayehitaji kingi leo na hajali kesho, labda linafaa. Sisi tulitaka kitu ambacho mama akifika miaka tisini bado kipo.

"Basi mi nataka ile ya pili," mama akasema. "Yote. Ile ya kukopesha serikali. Mi sitaki kintu ya kupanda na kushuka."

Hapo ndugu yangu akamkatalia, na nilimsikia akiwa na uhakika kwa mara ya kwanza. "Mama, unga ya muhogo ya mwaka jana na ya leo, ni bei moja?"

Mama akakubali si moja.

"Ile ya pili matabishi yake haitafuata unga. Utapata ile ile, na unga itakuwa inapanda. Baada ya myaka kumi utakuwa unakula nusu sahani."

Ndivyo walivyokuwa, mmoja akivutia huku, mwingine kule, na mimi katikati nikiona wote wana haki. Ni ugonjwa wangu huo. Nikisikia mtu wa kwanza nakubali, nikisikia wa pili nakubali tena.

Jirani yetu alikuwa ameingia kurudisha ungo. Ni mama wa milimani, kutoka Bibokoboko, aliteremka Baraka na watoto wake wakati wa vita. Huko juu walikuwa watu wa ng'ombe. Hapa alikuwa akifua nguo za watu. Mama, ambaye hafichi neno, alimwambia, "Mutoto anataka tuchague fungu. Nyinyi mulikuwa na ng'ombe mingi, si ndiyo? Mulikuwa munachagua namna gani?"

Alisimama na ungo mkononi. "Zilikuwa mingi, mama. Na nzuri. Lakini zote zilikuwa ku kilima moja." Akaweka ungo chini. "Siku ile kilima ilichomwa, hatukubakia hata na ndama."

Ndugu yangu kwenye simu alitazama chini. Kisha mama akavuta kiti, akampa akae, na akageukia simu.

"Hiyo ya tatu iko ku vilima ngapi?"

"Mama, iko karibu dunia muzima."

"Kwetu imefika?"

Ndugu yangu alifikiri. "Hapana. Kwetu haijafika."

"Basi usiseme dunia muzima," mama akasema, na tukacheka sote wanne, jirani zaidi yetu.

Lakini hapo ndipo alipolainika. Aliuliza mambo mengi kwa mpigo: makampuni hayo ni ya kazi gani, moja likifa inakuwaje, mwenye mfuko akikimbia je. Ndugu yangu alijibu aliyoyajua, na asiyoyajua alisema sijui, nitauliza. Nilimpenda kwa hayo ya sijui. Mwishoni waliamua hivi: fungu la kwanza waliache kabisa. Sehemu kubwa iende fungu la tatu, la vilima vingi. Inayobaki iende la pili, ili mwaka ambao la tatu lina homa kali, ndugu yangu asilazimike kuliuza kwa bei mbaya. Achote kwenye lile lililotulia. Chakula cha miezi michache kibaki pembeni, kisiingie soko lolote. Ndugu yangu alionya kwamba kwa njia hiyo malipo yatakuwa madogo kuliko alivyotarajia. Mama hatakuwa tajiri.

"Nani amesema tajiri?" mama akamjibu. "Nimesema magoti."

Nafasi yake sokoni alimpa jirani. Hakuiuza. Alimfundisha siku chache jinsi ya kupanga mafungu, na kila siku alirudi akilalamika, "Anapanga ndagala sawa ng'ombe mu zizi, kila moja na nafasi yake!" Mimi nilifikiri baada ya wiki mbili mama atarudi kukaa pale. Sikusema, lakini nilifikiri. Miezi miwili hii alikaa nyumbani anakula kile kilichowekwa pembeni, na kila nilipomwona anatazama beseni lake ukutani nilijiuliza kama tumemdanganya.

Wiki hii matabishi ya kwanza ya fungu la tatu yakafika, na ndugu yangu akayatuma kwenye simu ya mama. Si mengi. Yanatosha unga, vidonge, na kitoweo cha siku kadhaa, ukijua kununua. Mama aliniomba nimsomee ujumbe mara mbili.

"Ni ya faida? Haiko ya chini ya fungu?"

Nilimpigia ndugu yangu kuuliza, maana sikutaka kujibu nisichokijua. Akasema alikwisha kuangalia kabla hajatuma: ni ya faida.

Ndiyo maana leo, matope yote yale, alikwenda. Nilimsindikiza. Alipita mbele ya wauzaji wote waliomwita, "Mama, mama, kuja huku!" akaenda moja kwa moja mahali pake pa zamani. Jirani alipomwona alitaka kuinuka amwachie mkeka. Mama akakataa. Alichuchumaa, magoti yakalia, akaingiza vidole chini ya fungu moja, akaligeuza, akatazama. Za chini zilikuwa sawa na za juu. Akalipa. Hakuinuka.

"Matabishi, mama," akasema.

Jirani, kwa aibu na heshima, alichota kwa viganja viwili, karibu fungu zima. Mama alizitazama kikapuni. Kisha akarudisha nyingi mkekani, akabakiza za vidole tu.

"Ukitoa vile kwa kila mutu, Ijumaa utakuwa umekaa hapa na mukeka mutupu. Kamata."

Akaniomba mkono, nikamwinua. Tulipofika kwenye kisima akasema ndagala za mwaka huu ni ndogo na yule mama amejifunza haraka.

Jioni tulikula bugali wa muhogo, mchicha tunaouita lengalenga, na ndagala zile zilizokaangwa kwa mawese na pilipili nyingi. Mama alimaliza sahani yake, akaongeza ya pili.