Fundi Mustapha na Mizani ya Miguu

Mustapha bin Shaban alikuwa mtu wa kushangaa. Wapo watu waliozaliwa na macho makavu, wanaoweza kumwona ng'ombe akizaa mapacha wakaishia kuuliza bei ya maziwa. Yeye hakuwa wa kundi hilo. Mpe gololi moja ya baiskeli iliyoliwa na kutu, ataizungusha kiganjani na kukuuliza kama unaelewa kwamba kitu kidogo namna hii kimembeba mtu na mikungu miwili ya ndizi kutoka Muleba mpaka Bukoba bila kunung'unika. Wateja wenye haraka walimkimbia kwa sababu hiyo. Wenye akili walivumilia, maana baiskeli iliyotoka mikononi mwake ilimaliza mwaka bila kurudi.

Baba yake alikuwa dereva wa lori kutoka Tanga, aliyeleta chumvi Bukoba, akaoa hapo hapo, mtaa wa Kitendaguro, na habari za kurudi kwao zikaishia hapo. Mustapha alikulia kati ya msikiti na kibanja, shamba la migomba la babu yake mzaa mama. Ufundi alijifunza kwa kuharibu vitu vya watu na kuchapwa mpaka alipojua kuvirudisha. Vita vilipolipuka mwishoni mwa mwaka sabini na nane akachukuliwa kwenye karakana ya jeshi, nyuma ya Kyaka. Hakumpiga mtu risasi hata mmoja. Kilichomkaa moyoni ni sajini mmoja wa injini, ambaye kila injini ikishatengenezwa aliifunga mkanda kwenye gurudumu lake, ncha ya mkanda akaining'iniza kwenye mizani, kisha akaiwasha. Injini ikavutana na mkanda, mizani ikataja kilo, na sajini akaandika daftarini nguvu ya injini ile.

"Nguvu huioni kwa macho, Shaban," alimwambia. "Lakini inapimika."

Mustapha alishinda siku nzima akiyarudia maneno hayo. Alikuwa amesikia watu wakisifu nguvu tangu utotoni, nguvu za fahali, nguvu za ziwa, nguvu za wazee wa zamani, na kumbe siku zote hizo kulikuwa na mtu anayeweza kuitundika kwenye ndoano akaisoma kwa namba.

Vita vikaisha. Akafungua kibanda chake Rwamishenye, akamwoa Mastura, mwanamke mwenye sauti kubwa na mkono usiotetemeka, na kwa miaka michache watu wakadhani mabaya yote yamepita. Halafu ukaja ukimwi, ugonjwa ule uliobatizwa Juliana, kwa jina la nguo ya madoido iliyokuwa ikiuzwa mpakani. Mustapha aliacha kushona viti vya baiskeli akaanza kutengeneza karia ndefu, za kulaza mgonjwa au kubeba jeneza. Hakuipenda kazi hiyo. Aliifanya huku ameuma meno.

Sasa njoo mwaka wa tisini. Shirika moja la misaada lilitangaza shindano ambalo halijapata kuonekana mkoani. Mtu aogelee ziwani pale Bukoba, atoke majini apande baiskeli mpaka Muleba, ashuke kwenye baiskeli akimbie mlima. Mambo matatu, mtu mmoja, bila kupumzika. Mshindi angesomeshewa watoto wake mpaka kidato cha nne; asiye na watoto angesomeshewa wadogo zake. Kila klabu ya michezo ilipewa nafasi moja tu.

Klabu ya Rwamishenye ilikuwa na baiskeli moja ya mashindano, nyepesi, yenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo, iliyoachwa na daktari mgeni alipohama. Mwenyekiti wa klabu alikuwa mzee Kashaija, karani wa mizani ya kahawa kwenye chama cha ushirika kwa zaidi ya miaka ishirini. Na Kashaija alikuwa ameshamchagua mtu wake. Alikuwa Mujuni, kijana wa miaka ishirini na sita, kifua kipana, mapaja ya mchezaji mpira.

Ndipo Immakulata alipokuja kujiandikisha.

Immakulata alikuwa mjane wa miaka thelathini na nne, mwembamba, mzaliwa wa Kemondo. Baba yake alikuwa mvuvi, na kuogelea alijua kabla ya kuvaa viatu. Mume alipofariki miaka mitatu nyuma alimwachia watoto wawili na baiskeli moja nzito, na kwa baiskeli hiyo alikuwa akileta samaki mjini mara nne kwa wiki, akipanda vilima ambavyo wanaume hushuka wakasukuma. Lakini hayo watu hawakuyaona. Walichokiona ni mjane wa mtu aliyekufa kwa Juliana, na wembamba wake.

"Mwanangu," Kashaija alimwambia, si kwa ubaya, "utatuangukia njiani. Klabu itaonekanaje?"

"Kama nitaanguka, waitu, nianguke baada ya kujaribiwa," akajibu, kwa neno la heshima la Kihaya.

Wakamjaribu, kwa shingo upande. Ziwani alimwacha Mujuni mbali. Kwenye kukimbia Mujuni akamwacha yeye. Ikabaki baiskeli, na hapo ndipo mambo yalipovurugika, kwa sababu baiskeli ilikuwa moja. Mujuni aliiendesha asubuhi barabara ikiwa kavu. Immakulata akaiendesha mchana, mvua ikamkuta njiani, akarudi na tope mpaka kwenye nyusi. Dakika zao zikapishana kidogo sana, na kila upande ukadai haki. Siku iliyofuata upepo ulikuwa mwingine. Wakabishana wiki nzima.

"Barabara haiwezi kuwa mizani," Mustapha akawaambia. "Leo inasema hivi, kesho vile. Tupime miguu yenyewe."

Kashaija akadakia kwamba hilo ni jepesi. Funga dinamo, inua gurudumu, taa ikiwaka sana mtu ana nguvu. Wakajaribu. Mujuni akazungusha gurudumu lililokuwa halina mzigo wowote, taa ikawaka mpaka watu wakashangilia. Mustapha akamwita mpwa wa Mujuni, binti wa darasa la nne, akamwambia azungushe kwa mikono. Taa ikawaka vile vile. Watu wakacheka, na Kashaija akasema dinamo za siku hizi hazifai.

Mustapha akaamua kujenga kile alichokiona Kyaka. Aliifunga baiskeli kwenye stendi ya mbao, akavua tairi la nyuma, akauzungusha mkanda wa turubai mara moja kwenye ringi tupu. Ncha moja ya mkanda ilining'inia chini ikiwa na kopo la mawe, ncha ya pili ikapanda juu, ikashikwa na ndoano ya mizani iliyotundikwa darini. Mastura angegonga sufuria kwa mapigo yasiyobadilika, na mpandaji apige pedeli kwa kufuata sufuria. Mawe yangeongezwa kidogo kidogo, mkanda ukibana zaidi. Atakayeshindwa kufuata sufuria amefika mwisho wake, na mizani ingesema mwisho huo ni kilo ngapi. Mawe peke yake hayakutosha, kwa kuwa mkanda ukipata moto au ukilowa huteleza vingine. Kila kitu kilitegemea mizani.

Na mizani ipi? Hapo Mustapha alihangaika siku tatu. Kashaija alileta ya chama, kubwa kama sinia, ya kupimia magunia. Kwa kilo mbili tatu mshale wake haukusumbuka hata kuamka. Wauza samaki wakamwazima yao. Mustapha akaitundikia lita moja ya maji, ikasoma kilo na robo. Akaitundikia tena, ikasoma kilo kasorobo. Akairudisha kwa heshima zote na tangu siku hiyo akaacha kununua samaki kwa kilo.

Mwishowe akaenda mjini kwa Hasmukh, muuza vipuri, mmoja wa Wahindi wachache waliokuwa wamebaki. Hasmukh akapanda ngazi, akatoa kwenye kabati mizani ndogo ya shaba, ya springi, iliyokuwa ya mama yake, Dhanlaxmi, aliyekuwa akipimia iliki. Wakaitundikia lita moja: kilo moja. Lita mbili: kilo mbili. Lita tatu na nusu: kilo tatu na nusu, mshale umesimama imara bila kutetemeka. Wakarudia mara kumi. Wakaianika juani, wakarudia. Mustapha akahisi machozi.

"Hasmukhbhai," akasema, "hiki chuma hakijui kusema uongo."

"Mama pia hakujua," Hasmukh akajibu. "Wateja walimkimbia." Akafunga duka, akaja naye Rwamishenye kuangalia.

Jumamosi hiyo kibanda kilijaa mpaka barabarani. Mujuni akapanda kwanza. Mastura akagonga sufuria, mawe yakaingia koponi moja moja, Mustapha akawa anaumwagia mkanda maji usiungue. Kashaija, aliyesisitiza kwamba kusoma mizani ni kazi yake ya maisha, alisimama hatua mbili nyuma, mikono mgongoni, akimhimiza kijana wake. Mujuni alipigana kiume. Kwenye kilo tatu miguu ikaanza kuchelewa sufuria, akang'ang'ana, ikachelewa tena, akaachia.

"Tatu kamili!" Kashaija akatangaza, na watu wakapiga makofi.

Immakulata akajifunga kanga vizuri juu ya suruali ya marehemu mumewe, akapanda. Hakukunja uso. Sufuria ikaanza, miguu ikaifuata. Mawe yakaingia. Kashaija sasa alikuwa amesogea karibu kabisa na mizani, ameinua kichwa, macho kwenye mshale, kama asimamavyo kila msimu mkulima anapoleta gunia.

"Mbili na robo," akasema. "Mbili na nusu."

Mustapha akaongeza jiwe. Mkanda ulikuwa unatoa moshi, maji hayauwahi. Jasho la Immakulata lilikuwa likidondoka kwenye usukani. Miguu haikuchelewa.

"Mbili na robo tatu."

Jiwe lingine. "Mbili na robo tatu," Kashaija akarudia. Jiwe lingine. "Bado robo tatu."

Mustapha akashangaa. Mkanda ulikuwa ukinguruma zaidi ya ulivyonguruma kwa Mujuni, ringi inaungua, na mizani ya Dhanlaxmi inagoma kupanda? Akainua macho, na hapo akaona. Chini ya ndoano, kimetulia kana kwamba kilizaliwa pale, kilikuwa kidole gumba cha mzee Kashaija, kimeisukuma ndoano juu.

Kashaija alikuwa mkwe wa jirani yake, mzee wa kuamkiwa na watu wazima. Akitoka hapo bila kusema, Immakulata atashuka ameshindwa, na hakuna atakayejua.

"Mzee wangu," akasema. "Kidole."

Kashaija akatazama chini. Na jambo ambalo Mustapha hakulisahau maisha yake yote ni uso wa mzee yule: aliona kidole chake mwenyewe kama mtu anayeona nyoka kwenye kiatu. Hakuwa amekusudia. Mkono ulikuwa umekwenda wenyewe, kama ulivyokwenda kwa miaka ishirini na zaidi. Sufuria ikaendelea kulia, na kila mtu aliyewahi kupeleka kahawa kwenye chama, yaani wote, akawa anakitazama kidole kile na kukumbuka magunia yake.

"Eh!" akasema mama mmoja nyuma, akimwita mama yake kwa Kihaya. "Mawe!"

Kashaija akauondoa mkono, akauficha mfukoni. Mshale ukaruka. Ukapita tatu, ukapita tatu na robo, ukasimama kwenye tatu na nusu, imara.

Hakuna aliyepiga makofi. Mujuni mwenyewe, aliyekuwa amekaa chini akipepewa, alisimama. Mustapha akapiga hesabu kwa kidole kwenye vumbi la meza, kama sajini alivyomfundisha, akaifuta, akaipiga tena kwa kuwa hakuiamini. Wati mia mbili. Akageukia watu.

"Jamani, mnaona? Huyu mama sasa hivi anatoa nguvu ya kuwasha balbu mbili kubwa, zile za mia mia. Zote mbili. Kwa miguu yake. Hazizimiki."

Watu wakamtazama Immakulata. Wengi wao hawakuwa na balbu hata moja nyumbani. Hasmukh alikuwa amevua kofia, na sijui kama alijua amevua. Mustapha alijiona mdogo. Miaka mitatu alikuwa akimwona mwanamke huyu akipita barabarani na kapu la samaki, akimsalimia kwa huruma, na siku zote hizo alikuwa anapita na moto wote huu.

Kashaija akakohoa. Akatoa karatasi ya klabu, akafuta jina la Mujuni, akaandika la Immakulata. Hakumtazama mtu.

"Nafasi ni yako, mwanangu," akasema. "Nisamehe."

Mastura akaacha kugonga. Lakini miguu haikusimama. Ilipungua mwendo kidogo, ikaendelea kuzunguka, mkanda ukiguna, mshale umetulia.

"Dada, shuka," Mustapha akamwambia kwa upole. "Yamekwisha. Umeshinda."

Immakulata alikuwa akihema kwa mdomo wazi. Aliwazungushia watu macho, mmoja mmoja, hata wale waliokuwa barabarani.

"Niacheni kidogo, waitu," akasema. "Tangu nimzike mume wangu, mtu akinitazama naona anahesabu siku nilizobakiza. Leo ndiyo mara ya kwanza mnanitazama mimi. Nikishuka mtaacha."

Mustapha alichota maji kwa kopo, akaumwagia mkanda, na Mastura akaanza kugonga sufuria upya.