Roboti wa Mama

Mama alipoanguka bafuni kwake Busanza, nilimhamishia kwangu Kagugu bila kumuuliza. Hakuvunjika popote. Mimi ndiye niliyeogopa, na nikiogopa huwa natoa amri. Nilimfuata jikoni, nikamfuata uani, hata nje ya choo nilisimama nikijidai natafuta kitu kabatini. Majirani walinisifu kwamba najua kumtunza mzazi. Yeye alinyamaza, na mama yangu akinyamaza ujue kuna jambo.

Kilichotupatanisha ni tamthilia ya Jumapili mchana, baada ya kanisa. Ilikuwa ya Kiingereza, habari za miaka mingi ijayo, kuhusu roboti mwenye sura ya mtu aliyepewa kazi ya kumlinda msichana yatima. Mama alimpenda roboti yule tangu siku ya kwanza, kwa sababu alichomekea shati vizuri na hakukatiza watu maneno. Kiingereza hajui, basi nikawa namtafsiria kwa Kiswahili, lugha tuliyorudi nayo kutoka Tanzania. Nilifanya kama wale wasimulizi wa filamu wa hapa mjini, wanaoongea juu ya sauti ya mwigizaji na kutia chumvi yao.

Nami nikatia yangu. Msichana akikohoa, roboti wangu alimwambia asisahau dawa za presha. Akitaka kupanda ngazi, alimwambia asubiri mtu wa kumshika mkono. Mama aliitikia kwa kichwa, na dawa zake akawa anameza bila ugomvi. Nilijiona nina akili kweli.

Jumapili ya tano au ya sita, aliniuliza kwa upole, macho yake kwenye televisheni, "Sha, mwanangu, huyu anasemaje na mdomo ameufunga?"

Nikajiumauma, nikasema roboti husemea tumboni. Akataka kujua presha nayo imempataje mtoto wa miaka kumi. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Yeye alicheka kidogo tu. Kisha akaniambia kwamba miezi mitatu imetosha, anataka kurudi kwake, kwa majirani zake na mchicha wake. Nikamjibu tutazungumza. Nilikuwa nimeshamjibu hivyo mara nyingi.

Jumapili iliyofuata, msichana alisimama mlangoni na begi mgongoni, akaomba aende peke yake kumwona shangazi yake ng'ambo ya mto. Roboti alikataa. Alisema hatamwacha hata hatua moja, na Kiingereza chake siku hiyo kilikuwa chepesi, nilikisikia vizuri. Nilimtazama mama. Alikuwa ameshika magoti yake kwa mikono miwili, anasubiri nifungue mdomo. Nilimpenda sana dakika ile, na niliogopa kuliko siku aliyoanguka.

"Anasema nenda," nikamwambia. "Anasema ukimhitaji umpigie simu, atakuja."

Mama hakuigeukia televisheni. Alinitazama mimi.

"Hayo ni yake au ni yako?"

"Ni yangu, mama."

"Basi kesho asubuhi, kabla jua halijawa kali," akasema.

Akainuka taratibu, mkono ukutani, akaenda chumbani kukunja nguo zake. Nilibaki kwenye kochi nimeshikilia mto kifuani, nasikiliza hatua zake, nikijizuia nisimfuate.