Dada Yetu Mwindaji na Wasifu Uliosafishwa

Habari ilinifikia kwa simu nikiwa dukani Wheaton, hapa Maryland, Marekani, natafuta unga wa ugali. Aliyepiga alikuwa muuguzi. Alisema dada yetu, mwenzake wa kazi, ameanguka kazini, palepale wodini, na kwamba madaktari aliofanya nao kazi miaka mingi wamemhangaikia bila mafanikio. Moyo. Nilitoka dukani mikono mitupu nikaenda kukaa garini, nikashindwa hata kuwasha injini. Wanaosoma safu hii wanajua kwamba sipendi kuandika nikiwa na hasira. Huiacha ipoe kwanza, halafu ndipo nishike kalamu. Safari hii nimengoja majuma kadhaa na haijapoa, basi nitaandika nayo hivyohivyo. Sina ugomvi na kifo, kwa kuwa kila nafsi itakionja. Ugomvi wangu ni na sisi tuliobaki, kwa yale tuliyomtendea alipokwisha kufumba macho.

Jina lake sitalitaja, wala la mtu mwingine yeyote katika habari hii. Alikuwa mwenyeji wa bara ya Kenya, upande wa baridi wanakolima viazi, na alikuwa akiishi Greenbelt. Yeye na mumewe walishaachana zamani, na mtoto wake ni binti mmoja anayesoma chuo kikuu huko Fairfax. Kwa watu wengi wa jamii yetu ya Waafrika Mashariki wa huku alikuwa muuguzi tu, mmoja kati ya wauguzi wetu wengi. Lakini kila vuli, msimu wa kulungu ulipofunguliwa, aliomba likizo, akavaa fulana ya rangi ya chungwa ambayo sheria inamtaka mwindaji aivae, akaendesha gari hadi milima ya magharibi mwa Virginia, akaingia msituni na bunduki. Miaka ya karibuni alikuwa akienda na bintiye. Walirudi na nyama, na nyama hiyo wengi wetu wameila, tena kwenye sherehe za kanisa lao, ambako mimi Mwislamu wa Tanga nilikuwa naalikwa na kuishia kwenye wali na kachumbari, huku wenzangu wakilamba vidole.

Bunduki zake zilikuwa za zamani, mabaki ya majeshi ya vita kuu yaliyouzwa kwa raia baada ya vita kwisha. Ni zile za komeo: ukishapiga risasi moja, lazima uvute komeo kwa mkono ili ganda litoke, ulisukume tena ili risasi nyingine iingie. Alikuwa nazo tatu, ya Mwingereza, ya Mjerumani na ya Mrusi, na kuzilinganisha ndiyo ilikuwa starehe yake, kama wengine wanavyolinganisha timu za mpira. Siku moja alinichukua kwenye uwanja wa kulenga shabaha huko Virginia, kwa sababu nilikuwa nimemwambia kwamba mimi bunduki naziogopa na sioni tofauti kati ya moja na nyingine. Hakunicheka. Alinipa vifaa vya kuziba masikio, akanikalisha kwenye benchi, akaniwekea ya Mrusi kwanza.

"Hii ni kama kupasua kuni," alisema. "Ni nzito, na komeo lake likishapata moto linagoma, unalipiga na kiganja. Inapiga teke mbaya. Lakini hata uiangushe kwa matope, bado itapiga. Zamani ilikuwa bei ya viatu. Sasa watu wanaiuza kama dhahabu, na hiyo ni ujinga."

Nilipiga moja tu, bega likaniuma mpaka kesho yake. Ya Mwingereza ilikuwa kitu kingine kabisa. Komeo lake liliteleza kama droo iliyopakwa nta, na magazini yake, yaani kisanduku cha risasi, ilibeba risasi mara mbili ya zile mbili nyingine. Yeye alipoishika alipiga mfululizo bila kuondoa kitako begani, na mzungu mmoja mzee wa benchi la jirani akaacha shughuli zake akawa anamtazama. Kisha akanionyesha ya Mjerumani, yenye risasi tano tu, ya polepole kidogo, lakini imara, na iliyoweka matundu yake kwenye karatasi karibukaribu kiasi kwamba ungeyafunika kwa kifuniko cha chupa. Nilimuuliza kulungu anampiga na ipi. Akasema ya Mjerumani. Nikashangaa, maana niliona wazi moyo wake uko kwa ile ya Mwingereza. Ndiyo aliyoifuta kwa kitambaa safi kabla ya nyingine zote.

"Ya Mwingereza ndiyo naipenda," alinijibu. "Lakini mnyama hajui mapenzi yangu. Ukimjeruhi akimbie afie mbali, hiyo ni dhambi yako. Kwa hivyo nabeba ile ambayo haitaniangusha." Tena alinieleza kwamba hatumii kamwe zile risasi za kijeshi za ganda gumu zilizouzwa pamoja na bunduki hizo, kwa kuwa hupenya na kutoka upande wa pili, mnyama akaenda kuteseka. Alinunua za kuwindia, za ncha laini, zinazoua papo hapo. Mimi nisiyependa bunduki mpaka leo, nilirudi nyumbani nikiwaza kwamba sijawahi kumsikia mtu akiiongelea huruma kwa maneno ya vitendo namna ile.

Sababu ya kuipenda ya Mwingereza nilikuja kuijua baadaye, akinipakulia githeri, makande ya kwao, jikoni kwake. Babu yake mzaa mama alichukuliwa na Mwingereza kwenda kupigana Burma, akaibeba bunduki ya aina hiyohiyo kwa miaka ya vita. Alirudishwa kwao bila bunduki na bila shamba. Zikaja zama za hali ya hatari, wakati wa vita vya Mau Mau, ambapo Mwafrika akikutwa na risasi moja tu nyumbani angeweza kunyongwa, na mzee huyo akaingiwa na hofu kiasi cha kuzika hata medali zake chini ya zizi la mbuzi. "Alipigania mfalme na hiyo bunduki," dada yetu alisema, "halafu mfalme akamwambia akiigusa tena atakufa. Mimi nimeinunua dukani, nimejaza karatasi zao, wamenipa risiti. Siku niliyoileta nyumbani nililia." Nilikula.

Sasa nije kwa mwenyekiti wa jamii yetu. Ni mzee ninayemheshimu, amezika watu wengi wa jamii hii kwa hekima na amewapokea wageni wengi uwanja wa ndege. Aliwahi kuandamana nasi kule kwenye uwanja wa shabaha. Akiwa amepewa bunduki ashike, aligeuka kutusalimu na mtutu ukageuka naye, kidole kikiwa kwenye kifyatulio. Dada yetu aliusukuma mtutu juu, akaichukua bunduki mikononi mwake, akamwambia mbele ya watu, "Mzee, kaa pale. Leo hushiki tena." Hakumwomba radhi, na hakuwa mtu wa kuomba radhi kwa jambo kama hilo. Alikuwa mkali, wakati mwingine zaidi ya kiasi, na wapo waliomwona ana kiburi. Sisemi kwamba yaliyofuata yalitokana na siku ile. Nasema tu kwamba nilikuwepo.

Kamati ya mazishi ilikutana kwenye ukumbi wa chini wa kanisa, na mimi, kwa kuwa ninaandika, nikapewa kazi ya kuandaa wasifu wa marehemu. Niliandika niliyoyajua: uuguzi wake, bintiye, ukali wake, bunduki zake tatu, babu yake wa Burma, na ile nyama. Mwenyekiti aliusoma akiwa amevaa miwani, akaukunja.

"Bwana mwandishi, kazi nzuri," alisema. "Lakini hiyo ya bunduki uitoe. Yeye ni mama. Watu watasema nini? Weka kwamba alipenda kuimba na kufuma."

"Mzee, huyu hakufuma hata soksi."

"Hiyo si uongo mkubwa. Ni heshima."

Kaka wa marehemu, aliyekuwa amekuja kutoka jimbo lingine, aliitikia kwa kichwa. Alisema familia nyumbani haijui mambo ya bunduki na si vizuri wayasikie msibani. Nikubali kwamba hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Tunaishi katika nchi ambamo watoto wetu hufundishwa shuleni kujificha chini ya madawati mtu mwenye bunduki akiingia. Mzazi wa hapa akilisikia tu neno bunduki hushtuka, nami ni mmoja wao. Lakini nikakumbuka jambo moja, na ndipo damu iliponichemka. Si muda mrefu uliopita tulimzika mwanamume wa jamii hiihii aliyekuwa akiwinda, tena mwindaji wa kubahatisha. Kwenye mazishi yake picha yake akiwa amepiga goti kando ya kulungu iliwekwa mbele, karibu na maua, na mwenyekiti huyuhuyu akasimama akamwita simba wa jamii, mwanamume aliyeonja uhuru wa nchi hii. Nilimkumbusha. Akasema, "Yule alikuwa mwanaume," kwa sauti ya mtu anayemweleza mtoto kwamba maji yanalowesha.

Nilikataa kuitoa sehemu hiyo. Wakampa mtu mwingine aandike. Siku ya ibada niliketi nyuma, nikasikiliza maisha ya mwanamke nisiyemjua: mpole, mnyenyekevu, mpenda kwaya na kazi za mikono. Waombolezaji waliitikia amina. Walikuwemo watu waliokula kulungu wake kwa miaka, na hakuna aliyeinua uso. Bintiye aliketi mbele, mgongo wima. Nilidhani hilo ndilo litakuwa jambo baya kuliko yote.

Kumbe bado. Baada ya mazishi binti alirudi nyumbani kwa mama yake Greenbelt, akakuta kabati la chuma ambamo marehemu alikuwa akizifungia bunduki liko wazi na ni tupu. Mjomba wake, aliyeachiwa funguo za nyumba, alikuwa amewaita polisi waje kuzichukua zikaharibiwe. Hakumuuliza mtu. Binti aliponipigia simu alizungumza Kiingereza, kama kawaida ya watoto waliokulia huku, mpaka alipofika mahali Kiingereza kikamshinda, akasema kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, "Hiyo ya babu alikuwa anipe mimi. Aliniambia. Uncle aliniangalia kanisani na alikuwa ashafanya." Tulikwenda naye kituoni. Ofisa aliyetupokea alikuwa mstaarabu, aliingia ndani kuangalia, akarudi akiwa ameshika kofia. Zilikuwa zimeshakatwa.

Nilimpigia mjomba. Alisema alifanya kwa usalama wa mtoto. Nikamwambia mtoto huyo ana umri wa kupiga kura, amefundishwa na mama yake, na ana leseni ya kuwinda yenye jina lake. Akasema, "Nilitaka yaishe haraka." Hilo nililiamini, na ndilo ninaloshindwa kulisamehe. Nilikwenda pia kwa mwenyekiti. Aliguswa kweli, akatikisa kichwa, akanishika bega. "Yameshapita, ndugu yangu," alisema. Nikamwambia kwake yamepita, kwa binti ndiyo kwanza yameanza. Tangu siku hiyo tunasalimiana, basi.

Sisi watu wa ughaibuni tunajisifu kwamba tunajua kuzikana. Ni kweli, tunajua kupika, kukesha na kusafirisha mwili. Lakini tumejifunza pia ufundi mwingine mchafu: mtu wetu akifa tunamkata pande zinazotutia aibu, tunambakiza anayefaa kupelekwa nyumbani kwa picha. Wanaume tunawaachia vijikosa vyao, tunaviita ujasiri. Wanawake tunawafumisha soksi. Mwanamke aliyevuka bahari peke yake, akahudumia wagonjwa wa nchi ya watu usiku na mchana, akamlea mwana, akainunua kwa risiti silaha ambayo babu yake angenyongwa kwa kuigusa, tunasema alipenda kwaya. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Sisi haki yenyewe tumeikatakata kwa msumeno, halafu tukasema ni heshima.

Simwombi msomaji azipende bunduki. Mimi sizipendi. Ninachosema ni hiki: maiti hana mdomo, na anayemwosha anaweza kumwosha mpaka asibaki yeye. Basi ukikabidhiwa funguo za nyumba ya marehemu, usifungue kabati lolote kabla hujamuuliza mwanawe. Ukikabidhiwa kalamu ya kuandika wasifu wake na ukaona mkono unatafuta maneno ya kuwafurahisha walio hai, iweke chini, umpe mtu aliyempenda zaidi yako. Na wewe uliye hai bado, hasa dada yangu unayesoma hapa, usiwaachie watu wazuri wakusimulie. Waambie leo, mbele ya mashahidi, wewe ni nani na kitu chako nani akichukue, kwa sababu watu wazuri hawa, wenye miwani na sauti za upole, wana haraka kuliko unavyodhani.