Luikenzi ya Hopkins

Baba yangu alikuwa seremala Bukavu, na sifa yake ilikuwa Luikenzi. Kwa asiyejua, Luikenzi ni zile seti za sebuleni za kifalme: kanape, yaani kochi refu, na fotei, yaani viti vya mikono, zenye miguu iliyopinda, migongo iliyochongwa majani, na rangi ya dhahabu juu yake. Jina ni la mfalme mmoja wa zamani wa Ufaransa, lililosagwa midomoni mwa mafundi wetu mpaka likawa la kwetu. Mtu aliyefanikiwa hakuhitaji kujitangaza. Ulifunguliwa mlango wake, ukaona Luikenzi imepangwa kando ya ukuta, ukajua uko kwa nani.

Nyumbani kwetu kulikuwa na mabenchi.

Ninalisema hili kwa hasira, na hasira hiyo ninayo tangu utotoni. Si kwamba baba hakujaribu. Kila baada ya muda alianza seti akatangaza kwamba hii sasa ni yetu. Mama alipiga msasa mpaka vidole vikachubuka, akavuta kitambaa, akagonga vijimisumari. Kisha, vanishi haijakauka, akapita mkubwa fulani, akasimama, akasifu. Baba yangu akisifiwa huyeyuka. Jioni seti ilipakiwa kwenye gari la mtu, naye mama akarudi kwenye benchi. Nusu ya wakubwa wa mji ule walikalia jasho lake, na yeye hakuwahi kukalia hata fotei moja.

Vita vilitutoa Bukavu. Baada ya miaka ya kambini tuliletwa Minnesota, tukapewa nyumba Hopkins, mji mdogo kando ya Minneapolis, ghorofa ya pili ya jengo la zamani, na sofa ya kijivu ya msaada iliyokuwa imebonyea katikati. Mimi nilipata kazi ya kuhudumia wazee. Baba alipata kazi ghalani, Eagan, ya kupanga maboksi. Alirudi amechoka, akakaa akitazama mikono yake, na hilo liliniuma kuliko baridi.

Jumapili moja, baada ya ibada, niliwapeleka kwenye jumba la makumbusho kusini mwa Minneapolis. Sitajisifu: niliwapeleka kwa sababu kuingia ni bure na ndani kuna joto. Tulizunguka bila shauku mpaka tukafika kwenye chumba kilichopangwa kama cha Wafaransa wa enzi hizo, viti vimefungiwa kamba visiguswe. Baba akasimama. Kisha akapiga goti, suti ya kanisani na yote, achungulie chini ya kiti. Mlinzi akaanza kusogea.

"Mguu ya mbuzi," baba akasema taratibu. Ndivyo walivyouita karakanani ule mguu unaopinda.

Hapo nikaelewa kwamba hakuwahi kuona kiti chenyewe cha Kifaransa. Maisha yake yote alichonga kwa kufuata mchoro mmoja uliochakaa, wa mapadri waliomfundisha kazi. Mahali pa majani karatasi ilikuwa imefutika, basi yeye na wenzake waliweka majani waliyoyajua, ya muhogo. Luikenzi zote za baba zina sombe, kisamvu chetu, mgongoni. Na pale mbele yetu jani lilikuwa jingine kabisa, limejikunja kwenye ncha, la mmea usioota kwetu. Niliogopa. Sikutaka aone aibu, mzee wa watu, katikati ya wageni.

Alilitazama sana. Kisha akainuka, akajifuta goti.

"Balifanya muzuri," akasema. "Lakini ile majani yabo hauwezi kuipika."

Nilicheka mpaka mlinzi akanikazia macho. Na nilimjivunia, nakwambia, nilimjivunia sana. Mafundi wa mfalme walikuwa na mfalme. Baba alikuwa na karatasi iliyofutika, na mguu wa kiti chake ulipinda sawasawa na wa kwao.

Mama hakucheka. Alikuwa akikitazama kile kiti, mahali pa kukalia.

"Na muke ya mufalme," akauliza, "ye alikuwa anaikalaka wapi?"

Wiki ile ile baba alianza kutafuta mbao. Miaka ile miti mikubwa ya kando ya barabara ilikuwa ikikatwa kwa sababu ya mdudu anayekula chini ya gome, na mzee mmoja wa Kizungu alikuwa akiipasua. Baba alinunua kwake, akazikausha mbao mwaka mzima katika gereji ya kanisa, akazigeuza kama mtu anayeangalia mgonjwa. Kisha akachonga, siku zake za mapumziko zote. Kanape moja na fotei mbili, majani ya muhogo mgongoni, safi, kila mshipa unaonekana.

"Hii ni ya kwetu," akamwambia mama.

"Unasemaka vile," mama akajibu, akachukua msasa.

Mahameli nyekundu tulinunua kwa akina mama wa Kisomali kule mtaa wa Phillips, wanaojua kitambaa cha sebule kuliko mtu yeyote katika Minneapolis na mji pacha wake. Tulipandisha ngazi kiti kimoja kimoja. Jumamosi moja Luikenzi ilisimama Hopkins, imejaza sebule yetu mpaka mlango haufunguki wote. Mama aliizunguka, akaipangusa mahali pasipo na vumbi, akaenda jikoni kusonga ugali. Hakuikalia.

Kengele ikalia. Alikuwa mzee wa kanisa letu, Mkenya, mfamasia, mtu mwema aliyekuwa amejenga nyumba kubwa nje ya mji. Alileta vitabu vya kwaya. Aliingia, akasahau hata kusalimia.

"Aki, mzee! Hii mme-import kutoka Dubai?"

"Ni mikono yangu," baba akasema.

"Wacha! Nime-search hii kitu kila mahali. Hii ni kazi ya kifalme, mzee. Niuzie. Nita-send vijana na truck leo leo, na bei utaniambia wewe."

Niliuona uso wa baba. Niliujua uso ule tangu nikiwa mtoto, ukilegea, ukiyeyuka. Jikoni mwiko ulinyamaza. Mama alikuwa amesikia, na sasa alikuwa akisubiri, kama alivyosubiri maisha yake yote. Nilifungua kinywa, na nilichotaka kumwambia baba si maneno ya binti kumwambia mzazi.

Lakini baba aligeuka, akaingia jikoni. Akamwondolea mama mwiko mkononi. Akamleta kwa kumshika kiwiko.

"Niko na bunga ku mikono," mama akalalamika.

"Ikala."

"Papa, kitambaa itachafuka."

"Ichafuke. Ikala."

Mama akakaa. Alikaa ukingoni kwanza, kisha akajivuta nyuma, mpaka mgongo wake ukagusa mgongo wa kiti. Akaweka mikono yake yenye unga juu ya mikono ya fotei. Mgeni wetu alisimama hajui aangalie wapi.

"Hii iko na mwenyewe," baba akamwambia. "Ya kwako nitafanya. Utangoja."

Mama akanyoosha shingo, akamwonyesha mgeni kanape.

"Karibu, baba, ikala. Chakula iko karibu." Kisha, bila hata kugeuza kichwa, akamwambia mumewe: "Papa, bugali itaungua."

Na baba yangu, mbele ya mwanamume mwenzake, akaenda kuusonga.