Hezekia na Msumeno wa Kukunja

Hezekia alikuwa mpishi na msimamizi wa kambi wa bwana mpima ardhi wa Kilosa, enzi za Mwingereza, mkonge ulipokuwa ukimeza pori mwaka hadi mwaka. Alikuwa Mkaguru wa milimani, amesoma misheni, amefiwa na mke na hakutaka kusikia habari ya mwingine. Kwa chakula hakuwa na mpinzani. Kasoro yake ni moja: neno "sijui" halikupata kumtoka kinywani. Ukimwuliza njia ya mahali asipopajua atakuelekeza kwa heshima zote, nawe utapotea.

Masika yalipokaribia, bwana alitakiwa kwenda Mikumi kupima shamba jipya. Akaagiziwa msumeno wa kukunja, umelala vipande vipande ndani ya mfuko wa turubai.

"Hezekia, unaufahamu huu?"

"Naufahamu sana, bwana."

Mwinshehe, dereva wa lori, akauliza mashoka yapakiwe wapi.

"Mashoka ya nini?" Hezekia akamjibu. "Tuna msumeno wa Ulaya."

"Ulaya ya wazungu, au hii yetu ya njiani?"

Njia ya Mikumi inapita kijiji kiitwacho Ulaya, na Mwinshehe hakuwahi kuuchoka utani huo. Hezekia hakucheka. Mashoka yakabaki Kilosa.

Walipokipita kijiji hicho, mbele kidogo wakakuta mti umeanguka, umelala barabara nzima. Huku korongo, huku mlima, na juu mawingu yamevimba.

"Msumeno, Hezekia," bwana akasema, kisha akajifunika uso kwa ramani.

Hezekia akamwaga vyuma chini. Mara ya kwanza akapata kitu kama kitanda cha mtoto. Akakibomoa. Mara ya pili msumeno ukasimama, ila meno yametazama juu.

"Huo ni wa kukatia mawingu?" Mwinshehe akauliza.

Mara ya tatu kila kitu kikakaa mahali pake. Hezekia akakaza skrubu, akauweka juu ya gogo, akavuta. Msumeno ukajikunja wenyewe, pwa! Ukaubana mkono wa koti lake la kaki, ukagoma kuachia.

Bwana akashindwa kuvumilia. Akaja kuufungua, nao ukambana kidole. Akatamka neno la Kiingereza ambalo misheni hawakumfundisha Hezekia.

"Bwana," Hezekia akasema taratibu, "kumbe nawe huujui?"

"Mimi nilikutegemea wewe!"

Matone ya kwanza yakaanguka. Hezekia akashika njia kurudi Ulaya kuazima shoka, msumeno unaning'inia mkononi kama popo. Njiani akatunga uongo mzuri: mashoka yao yameibwa.

Nyumba ya kwanza akamkuta mwanamke anapasua kuni. Ni Natalia, mjane, maarufu kijijini kwa kicheko kinachosikika ng'ambo ya mto.

"Shikamoo."

"Marahaba, dada. Naomba shoka. Yetu yame..."

"Na hicho kilichokung'ata ni nini?"

"Msumeno."

"Unafanyaje kazi?"

Hezekia akafungua kinywa. Maelezo yote aliyozoea kuyapata bila kuyatafuta hayakuja. Akamtazama yule mama, akautazama msumeno, akahisi uchovu wa miaka mingi umemshukia mabegani.

"Sijui, dada yangu. Sijui kabisa."

Natalia akacheka mpaka akakalia kuni. Alipotulia akamwonea huruma, akainama kumfungua. Akazungusha skrubu huku, akasukuma chuma kule, na msumeno ukafunguka kidogo tu, ukanyakua pembe ya kanga yake, ukafunga tena.

Wakavuta, wapi! Hawakuwa na budi ila kwenda hivyo hivyo, bega kwa bega kwenye mvua, shoka begani kwa Natalia, naye akicheka kila hatua. Katikati ya njia Hezekia akajikuta naye anacheka, jambo ambalo hakukumbuka kulifanya tangu azike mkewe.

Mwinshehe akasimama juu ya gogo. "Shoka nimeliona. Na huyu?"

"Kata," Hezekia akamwambia.

Mwinshehe akachukua kisu, akakata kipande cha kanga na kipande cha koti. Kisha wote wakaushambulia mti kwa zamu, bwana pia na kidole chake kilichovimba, mpaka lori likapita.

Kazi ya Mikumi ilipokwisha, Hezekia alishukia Ulaya na doti ya kanga mpya, kulipia ile iliyokatwa. Akaambiwa akae anywe uji. Akarudi wiki nyingine bila kanga yoyote, na uji akapewa.

Habari ya ndoa ilipozuka, mama yake Natalia ndiye aliyeweka ngumu. Wao Wakatoliki, huyu Mwanglikana, tena mpishi wa wazungu, watu wasiotia chumvi! Hezekia hakubishana. Siku ya posa aliomba ruhusa ya jiko, akapika wali na kuku wa nazi kwa mikono yake. Mama mtu akala sahani ya kwanza amenuna. Ya pili akala akiwa kimya. Alipoisogeza sahani kuomba ya tatu, akamwuliza mkwe wake kama anapenda kulima mpunga, maana kuna shamba bondeni halina mtu.

Suala la kanisa hakuligusa tena.