Wimbo wa Picha la Kihindi

Picha lile la Kihindi nililiona mara tatu kwenye banda la video pale Iguguno, na mara zote kijana mmoja alikaa benchi la nyuma yangu. Alikuwa fundi redio, Mwislamu kutoka Misigiri. Mimi binti wa mzee wa kanisa, nauza mafuta ya alizeti kando ya barabara. Wimbo ulipoanza, aliinama akaninong'oneza maana ya kila mstari. Kihindi hakukijua hata neno moja. Nilijua anadanganya, na sikutaka anyamaze.

Aliniwekea wimbo huo kwenye simu ndogo aliyonipa. Tukawa tunausikiliza shambani, katikati ya alizeti zilizotuzidi urefu, hadi baba alipojua.

"Huyo si wa dini yetu," alisema, na hakurudia tena.

Kijana akaamua kwenda machimboni. "Nipe miaka miwili," aliniambia. "Nikirudi nitaongea na mzee mwenyewe."

Nilingoja minne. Mwanzoni alipiga simu kila Jumapili, baadaye mara mojamoja, halafu namba ikawa haipatikani. Nikaolewa na mwalimu wa Mwankoko, mtu mpole.

Mwaka jana dada yake alinikuta mnadani. "Kaka amerudi. Vumbi la mgodi limemmaliza kifua. Anakuulizia."

Nilimwambia mume wangu nakwenda kumwona shangazi.

Nilimkuta kwao Misigiri, ameegemezwa mito, mashavu yamebonyea. Mama yake aliitikia shikamoo yangu, akanipa kigoda, akatoka. Nikatoa simu, nikaupiga ule wimbo. Alisikiliza kidogo, akihema kwa shida.

"Zima. Unanichosha."

Nikazima. Kisha akasema, "Nilirudi, mwaka ule wa nne. Nikaambiwa umeolewa wiki mbili zilizopita. Nikageuza na basi lilelile."

"Kwa nini hukupiga simu muda wote ule?"

"Nikwambie nini? Sikuwa nimepata kitu."

Alifariki wakati wa mavuno. Siku anazikwa nilikuwa uani kwangu napiga alizeti kwa fimbo. Sikuwa na sababu ya kumpa mume wangu ili niende msibani. Mchana aliniuliza mbona sili.

"Jino," nilimwambia.

Akaenda dukani kuninunulia dawa, akanisimamia na kikombe cha maji mpaka nikaimeza.